APDETI SIO ADUI YAKO. ADUI NI KUAPDETI SIKU YA MZIGO

Leo nitakuwa mkali kidogo, mtanivumilia.

Kuna ushauri unazunguka sana kwenye magrupu ya biashara: "Zima apdeti zote, zinamaliza bando na zinaua simu." Mtu akiuliza kwa nini simu yake imekuwa nzito, anajibiwa hivyo. Akiuliza kwa nini laptopu inachelewa kuwaka, jibu ni hilo hilo. Mafundi wengine nao wanalisema. Unampelekea laptopu apige Windows, anakurudishia ikiwa imefungwa isiapdeti tena maisha yake yote, halafu anakwambia hiyo nyongeza ni ofa.

Mimi naupinga ushauri huu, na naupinga nikiwa hapa hapa Pasiansi. Najua bei ya bando. Najua umeme ukikatika laptopu ya betri bovu inazima hapo hapo. Najua wengi wetu tunauza kwa simu ya bei ya kawaida na laptopu ya mtumba. Sisemi apdeti hazisumbui. Zinasumbua sana. Ninachosema ni kwamba tumemkamata mtu ambaye sio mwizi, na mwizi mwenyewe tunaendelea kukaa naye dukani.

Twende taratibu.

MALALAMIKO YENU YANA UKWELI

Tuanze kwa haki. Anayelalamika hajitungii.

Bando ni kweli. Apdeti kubwa ya Windows inakula GB kadhaa, na laptopu ikishaunganishwa na simu yako haiulizi kama hilo bando ulinunua kwa ajili ya kuposti bidhaa. Unakuja kushtuka meseji inasema kifurushi kimekwisha.

Muda ni kweli. Mteja wa Geita anataka risiti, gari la mzigo linaondoka, na skrini imeandika usizime kompyuta, asilimia 27. Dakika kumi baadaye bado ni asilimia 27.

Nafasi nayo ni kweli. Simu ya GB 32 tayari imejaa picha za magauni, video za wateja na sauti za WhatsApp. Apdeti ikiingia inabanwa, simu inaanza kuganda, inajizima na kujiwasha. Mara nyingi hapo kinachougua ni memori iliyojaa, apdeti imekuja tu kuonyesha ugonjwa uliokuwepo.

Na hata ile hisia kwamba wanafanya makusudi ili tununue simu mpya, sio ya kuchekwa. Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri iliyochoka kupitia apdeti, ikasema lengo ni simu isizime ghafla. Mwaka 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliipiga Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5, kwa kosa la kuwasukumia wateja apdeti zilizofanya simu zao za zamani kuwa nzito bila kuwaeleza vizuri na bila njia rahisi ya kurudi nyuma. Kwa upande wa Samsung simu yenyewe ilikuwa Galaxy Note 4. Kwa hiyo anayelalamika hajachanganyikiwa. Ilishatokea, na waliofanya waliadhibiwa.

Sasa kama yote hayo ni kweli, kwa nini nasema tusizime?

KUKATAA KABISA KUNA BEI YAKE

Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kusambaa duniani. Kilikuwa kinafunga mafaili yote kwenye kompyuta kisha kinadai pesa ili kuyafungua. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150 zilipigwa, zikiwemo za hospitali za Uingereza ambako wagonjwa walirudishwa nyumbani. Sikiliza sasa sehemu yenye funzo: Microsoft walikuwa wameshatoa apdeti ya kuziba tundu hilo tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Aliyeiweka alikuwa na kinga. Aliyezima apdeti, au aliyekuwa na Windows ya zamani mno, ndiye aliyeachiwa mlango wazi.

Utasema hayo ni mambo ya hospitali za Ulaya, wewe unauza dagaa na vitenge mtandaoni. Sawa, tuje kwenye simu yako.

Tangu tarehe 24 Oktoba 2023 WhatsApp haikubali simu yenye Android iliyo chini ya 5.0. Tangu tarehe 5 Mei 2025 haikubali iPhone yenye iOS iliyo chini ya 15.1, na hapo ndipo iPhone 5s, 6 na 6 Plus zilipotoka mchezoni, kwa sababu simu hizo hata ukitaka kuziapdeti hazifiki huko. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni kero. Kwa wewe unayepokea oda zote WhatsApp, ni sawa na mwenye nyumba kubadili kufuli ya duka na bidhaa zako ziko ndani. App za benki na za pesa kwenye simu nazo zinaenda njia hiyo hiyo, mwaka hadi mwaka zinataka Android mpya zaidi.

Upande wa kompyuta, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha apdeti za kawaida za Windows 10. Laptopu yako haikufa siku hiyo na haitakufa kesho. Inawaka, inaandika, inachapa. Ila matundu mapya yakigunduliwa hayazibwi tena, isipokuwa umejiunga na mpango wao wa nyongeza ambao kwa watumiaji binafsi unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Kama una Windows 10, ingia setingi sehemu ya apdeti, utaona kama laptopu yako inaalikwa kujiunga. Hii ndiyo ofa ya kweli, kuliko ile ya fundi ya kufunga kila kitu.

NA KUKIMBILIA NAKO KUNA BEI

Wapo wa upande wa pili. Nukta nyekundu ikitokea tu anabonyeza. Yuko kwenye daladala, chaji asilimia 15, anabonyeza. Huyu naye simpi shavu.

Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya Marekani ya ulinzi wa kompyuta, CrowdStrike, ilituma faili la apdeti lenye kasoro. Kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 zenye Windows ziliganda kwenye skrini ya bluu. Ndege zilifutwa, benki zikasimama, hospitali zikaahirisha huduma. Faili lilitoka saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa zetu, likaondolewa saa 2 na dakika 27. Ni dakika 78 tu. Kompyuta ambazo muda huo zilikuwa zimezimwa au hazina intaneti hazikuguswa kabisa.

Tuweke matukio haya mawili pamoja. WannaCry iliwaumiza waliochelewa miezi miwili. CrowdStrike iliwaumiza waliopokea ndani ya saa moja na nusu. Kati ya saa moja na nusu na miezi miwili pana nafasi kubwa sana, na mfanyabiashara mdogo anatakiwa aishi hapo katikati. Kwa apdeti kubwa zinazobadilisha mfumo mzima, subiri wiki moja hadi mbili wengine wajaribu kwanza. Kwa zile ndogo za usalama na za app unazofanyia kazi, usipitishe mwezi.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni lini, na ukiwa umeshaandaa nini.

WAVUVI WANALIJUA HILI KULIKO SISI

Sisi wa Mwanza hatuhitaji kwenda mbali kutafuta somo. Nenda Mwaloni, Kirumba, waulize wavuvi wa dagaa. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti dagaa vizuri, kwa hiyo hizo siku za mwezi wavuvi wengi wanapumzika. Na wanazitumia siku hizo kushona nyavu, kuziba mitumbwi, kurekebisha injini na taa. Hakuna mvuvi anayebomoa ubao wa mtumbwi usiku wa giza akiwa katikati ya ziwa, eti kwa sababu leo ndo amekumbuka. Na hakuna mwenye akili anayesema hatazibi kabisa mtumbwi kwa kuwa kuziba kunachosha.

Wewe siku zako za mwezi ni zipi?

Kila biashara inazo. Anayeuza nguo anajua mwisho wa mwezi watu wamepata mshahara, hapo usiguse kitu. Anayeuza vifaa vya shule anajua Januari ni ya vita. Anayetuma mizigo Bukoba kwa meli anajua siku meli inapoondoka, hiyo siku simu haiwekwi rehani. Lakini kuna siku katikati ya mwezi ambapo simu inalia mara mbili tangu asubuhi. Hiyo ndiyo siku. Ichague moja kila mwezi, iandike kwenye daftari, iite siku ya matengenezo.

Siku hiyo fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Nakala kwanza. Kabla hujabonyeza apdeti yoyote, hifadhi meseji za WhatsApp, namba za wateja na picha za bidhaa mahali pengine nje ya simu. Bila nakala, usiendelee na namba 2.

2. Punguza uchafu. Futa video za magrupu, skrinishoti za zamani, app usizotumia. Acha nafasi ya kutosha, GB kadhaa. Simu iliyojaa ikilazimishwa apdeti ndiyo inayoganda.

3. Chaji. Simu iwe juu ya nusu na ikae kwenye chaja. Laptopu yenye betri iliyokufa, inayotegemea waya tu, usiiapdeti kama umeme unayumba. Umeme ukikatika katikati ya apdeti ndipo unapokutana na skrini nyeusi. Kwa laptopu ya namna hiyo, betri nzuri ni ulinzi wa biashara, iweke kwenye bajeti.

4. Intaneti ya bei nafuu. Tumia Wi-Fi unayoiamini, au bando la usiku kama mtandao wako unalo. Kwenye Play Store kuna chaguo la kuapdeti app kwa Wi-Fi tu, liweke hilo, bando lako la mchana litapona. Kwenye Windows, ukiingia kwenye maelezo ya mtandao uliounganishwa utakuta kitufe kimeandikwa "Metered connection". Kiwashe. Unakuwa umeiambia kompyuta kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo, ipunguze kujishushia mizigo bila kuuliza.

5. Anza na chombo kimoja. Usiapdeti simu na laptopu kwa mpigo. Moja ikigoma, nyingine ifanye kazi.

6. Jaribu kabla ya kulala. Fungua WhatsApp, piga simu, chapa risiti moja, angalia salio. Kasoro uione leo jioni, sio kesho mteja akiwa hewani.

Na kama siku ya matengenezo haijafika, Windows ina sehemu ya kusitisha apdeti kwa muda, hadi wiki 5. Tumia hiyo, usifunge moja kwa moja. Ukishahamia toleo jipya la Windows na ukaona linakusumbua, una siku 10 za kurudi kwenye toleo la zamani kupitia setingi. Baada ya hapo njia inafungwa, kwa hiyo hizo siku 10 ifanyishe kompyuta kazi zako zote ujue mapema.

MWIZI MWENYEWE NI HUYU

Sasa nije kwenye ninachokitaka hasa.

Chukua mfano wa dada anayeuza viatu vya kike, duka lake lote ni WhatsApp na Instagram. Namba za wateja mia nne ziko kwenye simu. Nani anadaiwa, nani kalipa nusu, viko kwenye meseji. Picha za mzigo ziko kwenye simu hiyo hiyo. Laini ya kupokelea pesa iko humo humo. Simu ikifa kwa apdeti, analaumu apdeti. Lakini simu hiyo ingeweza kufa kwa kudondoka kwenye bodaboda, kwa kuingia maji, kwa kuibiwa stendi, au kwa mtoto kuirusha. Angemlaumu nani? Apdeti ingekuwa sababu moja kati ya mia. Udhaifu ni kwamba biashara nzima imelala ndani ya kitu kimoja kinachoingia mfukoni.

Huyo ndiye mwizi tunayekaa naye dukani, na ushauri wa "zima apdeti" unamfichia siri. Unamfanya mtu ajione yuko salama kwa kuwa amezima kitufe, huku wateja wake wote wananing'inia kwenye uzi mmoja.

Kumtoa hakuhitaji mtaji mkubwa:

Namba za wateja zihifadhi kwenye akaunti yako ya Google, sio kwenye laini wala kwenye simu peke yake. Simu mpya ukiingiza akaunti, namba zinarudi. Ila nenosiri la hiyo akaunti ulijue wewe. Wengi tulifunguliwa akaunti na muuza simu, nenosiri analijua yeye, na siku ya shida ameshahama.

Nakala ya WhatsApp iwashe iende Google Drive. Tambua kwamba tangu 2024 nakala hizo za Android zinahesabiwa kwenye zile GB 15 za bure za akaunti yako. Zikijaa, nakala inasimama na wewe hujui. Ondoa video kwenye nakala, bakiza meseji na picha za muhimu. Halafu angalia tarehe ya nakala ya mwisho. Kuna watu wakiangalia leo watakuta imeandikwa mwaka juzi.

Unganisha kifaa cha pili. Akaunti moja ya WhatsApp inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi 4, na tangu Aprili 2023 hata simu nyingine inakubali. Simu ya zamani ya mume, laptopu, simu ya msaidizi wako, yoyote unayoiamini. Simu kubwa ikizima, unaendelea kujibu wateja kwenye hiyo ya pili. Ila simu kubwa ikikaa siku zaidi ya 14 bila kutumika vifaa hivyo vinatolewa, kwa hiyo ni msaada wa dharura tu.

Weka PIN ya tarakimu 6 kwenye WhatsApp, ile ya uthibitisho wa hatua mbili. Na wanaotumia WhatsApp za pembeni, zile GB na ndugu zake, kwa sababu zina madoido: hizo hazitoki Play Store, WhatsApp wanafungia akaunti zinazozitumia, na hujui nani anasoma meseji za wateja wako. Unakwepa apdeti ya kampuni halafu unaweka app ya mtu usiyemjua. Kwa mfanyabiashara hilo halina hesabu.

Na daftari. Ndiyo, daftari la karatasi. Wadaiwa, oda za wiki, namba za wateja ishirini wakubwa. Halina apdeti na halili chaji.

UKINUNUA, USIULIZE KAMERA TU

Tunaponunua simu tunauliza kamera, tunauliza betri, tunauliza GB. Ongeza swali moja: itapata apdeti hadi lini?

Hilo swali lina pesa ndani yake. Galaxy S24 na Pixel 8 zilitoka na ahadi ya miaka 7 ya apdeti. Hizo ni za bei ya juu, wengi wetu hatuzigusi. Lakini Samsung walipotoa Galaxy A16 mwishoni mwa 2024, simu ya kundi la chini kabisa ukilinganisha na hizo, waliahidi miaka 6 ya apdeti za usalama. Maana yake mtu wa kipato cha kawaida siku hizi anaweza kupata simu ya kudumu, akijua cha kuuliza. Mwingine kwa bei inayokaribiana anabeba simu yenye kamera tatu nyuma ambayo apdeti zake zitakwisha baada ya miaka miwili. Gawanya bei kwa miaka utakayoitumia kwa amani, ndipo utajua ipi ni rahisi.

Kwa simu ya mtumba, ingia setingi uangalie tarehe ya apdeti ya mwisho ya usalama. Ikiwa ni ya miaka mitatu nyuma na simu inasema haina apdeti mpya, shusha bei au achana nayo. Kabla ya kutoa pesa bonyeza *#06#, chukua namba ya IMEI, itume kwenda 15090. Utajibiwa aina ya simu. Kama jibu halifanani na simu uliyoishika, mrudishie mwenyewe. Tunakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia nchi nzima. Kuna watu waliamka na tofali mkononi.

Kwa laptopu ya mtumba, usiishie kuambiwa "ni core i5". Angalia namba inayofuata baada ya kistari. i5-6300U ni kizazi cha 6. i5-8350U ni kizazi cha 8. i5-10210U ni kizazi cha 10. Windows 11 kwa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana. Tangu Windows 10 isitishwe, laptopu za kizazi cha 6 na 7 ndizo nyingi ofisi za nje wanazoziondoa, na zinatafuta mnunuzi. Zinaonekana nzuri, zimesafishwa, bei inavutia. Sisemi usinunue. Nasema ukinunua, ilipie bei ya kitu kilichobakiza muda mfupi, na usikubali kuambiwa ni mpya.

WANAOTUUZIA NAO WASEME

Hapa ndipo wengine hawatanipenda.

Mzigo wote huu tumemwachia mnunuzi. Ununue wewe, uchunguze wewe, uumie wewe. Lakini soda ya mia chache inaandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi, na simu ya laki tatu haiandikwi. Hili sio la kawaida, ni vile tumelizoea.

Kwingine wameshaamua. Uingereza tangu tarehe 29 Aprili 2024 sheria inamtaka mtengenezaji aseme wazi muda wa chini ambao kifaa kitapata apdeti za usalama. Umoja wa Ulaya tangu tarehe 20 Juni 2025 unataka simu janja mpya zipewe apdeti kwa angalau miaka 5 baada ya mtengenezaji kuacha kuuza toleo hilo. Watengenezaji ni wale wale. Viwanda ni vile vile. Kama wanaweza kumwambia mnunuzi wa London, wanaweza kumwambia na wa Makoroboi.

Sisi tunayo Tume ya Ushindani, FCC, yenye kazi ya kumlinda mlaji. Tunayo TCRA, ambayo tayari inakagua aina za simu kabla hazijaingia sokoni. Kuweka sharti la mstari mmoja kwenye boksi, "apdeti za usalama hadi mwaka fulani", hakuhitaji mtambo mpya. Kunahitaji waambiwe kwamba tunautaka huo mstari. Na sisi wenyewe tunaouza simu na laptopu kwenye kurasa zetu, tupo wengi humu, tuanze bila kusubiri sheria. Ukiposti laptopu, andika na kizazi. Ukiposti simu, andika na tarehe ya apdeti ya mwisho. Utapoteza wateja wawili wa haraka, utapata kumi watakaorudi.

NAJUA UTAKACHONIAMBIA

"Mimi simu yangu ni ya zamani na pesa ya nyingine sina." Nakuelewa. Basi anza na nakala na daftari, havikugharimu chochote leo. Halafu tenga kidogo kila wiki kama mchezo wa simu, kiasi utakachoweza, usikiguse. Simu ni chombo cha kazi kama cherehani kwa fundi nguo, itachoka tu. Ikichoka ikukute una nusu ya bei, sio unaanza kukopa kwa riba.

"Fundi wangu kasema laptopu yangu haiwezi apdeti." Inawezekana kasema kweli, hasa kama ni ya zamani au Windows yake ni ya wizi. Mwombe akuonyeshe kwenye skrini. Fundi mzuri haogopi kukuonyesha. Na kama kweli imefika mwisho, ibakize kwa kuandika na kuchapa bila intaneti, mambo ya pesa na nenosiri yafanyie kwenye kifaa kinachopata apdeti.

"Nimezima miaka mitatu na sijapata shida." Hongera. Hata mtumbwi unaovuja kidogo unafika Ukerewe siku ziwa limetulia.

Kazi ya leo ni moja. Kabla hujalala, fungua WhatsApp, nenda kwenye sehemu ya nakala, soma tarehe ya mwisho. Kisha andika hapa chini kwenye komenti umekuta tarehe gani, na siku yako ya matengenezo umeiweka lini. Usione aibu, tupo kujifunza. Na mtumie mwenzako mmoja ambaye unajua kabisa duka lake lote liko ndani ya simu moja.

Mauzo mema.